Kuchagua kadi ya michoro ya simuleta ya ndege: VRAM (memori ya kadi) kwanza, kasi baadaye

Anayeunda kompyuta ya simuleta ya ndege huanza kwa kuuliza anunue kadi gani ya michoro. Si ajabu, maana mara nyingi hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kesi. Ila kwa simuleta, kadi huchaguliwa mwisho: kwanza skrini au miwani ya VR, pili prosesa, tatu kadi. Ukiugeuza mpangilio huo, unaweza kufunga kadi yenye nguvu ajabu na bado ukatua kwenye uwanja mkubwa kwa fremu (picha zinazochorwa) 25 kwa sekunde, zinazokwamakwama.

Gemu ya kawaida ina ramani ambayo watengenezaji wake wameipima na kuipunguza uzito chumba kwa chumba. Simuleta haina nafasi hiyo. Sasa hivi uko juu ya bahari tupu. Baada ya nusu saa unashuka juu ya jiji lenye maelfu ya majengo, ndege nyingine zinatembea uwanjani, mawingu yamepandana, na mbele yako kuna skrini za chumba cha rubani zinazochorwa upya muda wote. Prosesa inakokotoa mwendo wa ndege, hali ya hewa na mifumo yote, kisha inaipangia kadi cha kuchora. Kadi inachora. Mmoja akichelewa, mwenzake hana budi kumsubiri.

Pima kwanza anayechelewesha

Kama tayari una kompyuta, usinunue chochote kabla ya kipimo hiki. Kwenye Microsoft Flight Simulator, ambayo wengi tunaiita MSFS, washa Developer Mode katika mipangilio ya jumla, kisha kwenye menyu inayotokea juu ya skrini uchague Display FPS. Kisanduku kinachojitokeza hakifichi kitu: "Limited by MainThread" maana yake prosesa ndiyo kikwazo, "Limited by GPU" maana yake ni kadi. Kwenye X-Plane 12, simuleta nyingine, nenda Settings, kisha Data Output, uweke alama ili mstari wa Frame rate uonekane ukiwa ndani ya ndege. Utaona muda ambao prosesa na kadi zinautumia kwa kila fremu. Kwenye DCS World, simuleta ya ndege za kivita, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Pause.

Usipimie angani juu ya pori. Pakia ndege nzito uliyo nayo, iegeshe kwenye uwanja mkubwa ulio nao, weka mawingu mengi, kaa ndani ya chumba cha rubani, uandike fremu unazopata. Sasa punguza Render Scaling, yaani ukubwa wa picha inayochorwa, kutoka 100 hadi 50. Kwa kuwa nusu hiyo ni ya upana na ya urefu pia, kadi sasa inachora robo tu ya pikseli za mwanzo. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imeelemewa na kuibadilisha kuna faida. Fremu zikibaki palepale, hata kadi ya bei kubwa kuliko zote haitakuongezea kitu mahali hapo.

Watu wengi hudanganywa na asilimia ya prosesa kwenye Task Manager. Wanaona 25 na kudhani prosesa imepumzika. Kazi kubwa ya simuleta hupita kwenye uzi mmoja mkuu (mlolongo mmoja wa kazi ndani ya prosesa), na prosesa yenye viini 8 na nyuzi 16 ikijaza uzi mmoja kabisa huonyesha takriban asilimia 6 tu kwa uzi huo. Kinachosema kweli ni matumizi ya kadi: ikikaa asilimia 60 au 70 na hujaweka kikomo cha fremu, basi inasubiri kupangiwa kazi.

Kipimo kikikuonyesha kwamba ni prosesa, hela iende huko. Simuleta za ndege hufaidika sana na akiba kubwa ya L3 (memori ya kasi iliyo ndani ya prosesa), ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D, 7800X3D na 9800X3D, zote zenye MB 96 za L3, zinapendwa mno na watu wa simuleta. Uzuri wa 5800X3D ni kwamba inaingia kwenye ubao mama wa AM4, ule wenye Ryzen za zamani, bila kubadilisha RAM. Kinachohitajika ni BIOS mpya, yaani programu ya ubao mama. Mwenye ubao wa namna hiyo na kadi ya wastani mara nyingi atapata utulivu zaidi kwa kubadilisha prosesa kuliko kwa kupanda ngazi mbili za kadi.

Hesabu ya pikseli

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.29, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Mzigo wa uzi mkuu wa prosesa karibu haubadiliki ukiongeza pikseli. Mzigo wa kadi ndio unaopanda. Kwa hiyo kadi kubwa kwenye skrini ya 1080 ni upotevu, na kadi ndogo kwenye 4K ni mateso. Anayepanga kununua skrini mpya mwakani achague kadi kwa skrini hiyo, si kwa hii ya leo.

Kuhusu idadi ya fremu, tusidanganyane na viwango vya gemu za risasi. Ndege ya abiria kwenye skrini ya kawaida inaruka vizuri kabisa kwa fremu 30 hadi 40 zilizotulia. Neno zito hapo ni zilizotulia. Fremu 30 maana yake kila moja inapewa milisekunde 33.3; ikiwa nyingi zinatoka kwa 20 halafu moja inatoka kwa 120, wastani utakaousoma utakuwa mzuri na jicho litaona mkwamo. Ni heri kuweka kikomo cha 30 au 40 kinachofikiwa kila mahali kuliko kuiachia kadi ikimbilie 70 angani na kuporomoka hadi 28 kwenye mkaribio wa mwisho. Skrini yenye G-Sync au FreeSync, inayofuata kasi ya kadi, inasaidia, ila angalia kiwango chake cha chini; nyingi huishia 48 Hz, na chini ya hapo hutegemea draiva (programu inayoendesha kadi) kurudia kila fremu mara mbili.

VRAM ndiyo inayoamua

Kadi mbili zenye kasi sawa, moja ya GB 8 na nyingine ya GB 16, zinaweza kutoa fremu sawa kabisa kwenye majaribio mafupi. Kwenye simuleta tofauti yao hujitokeza baada ya saa moja na nusu, unapokaribia uwanja mkubwa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tekscha, yaani picha inayovalishwa juu ya umbo, moja ya 4096 kwa 4096 ina pikseli karibu milioni 16.8. Ikibanwa kwa mtindo wa BC7 hutumia baiti moja kwa pikseli, yaani MB 16, na ukiongeza nakala zake ndogo za kuonekana kwa mbali inafika kama MB 21. Tuseme ndege ya abiria ina tekscha 60 za ukubwa huo, ndani na nje: hiyo ni karibu GB 1.3 kwa ndege moja, kabla ya ardhi, majengo ya uwanja, mawingu, vivuli, na ndege nyingine zilizoegeshwa zenye rangi za mashirika mbalimbali. Rangi ya ndege iliyohifadhiwa bila kubanwa hula mara nne ya hapo. Kwa upande mwingine, tekscha ileile ikishushwa hadi 2048 kwa 2048 inabaki kama MB 5.3. Ndiyo maana kushusha mpangilio wa tekscha ngazi moja huokoa memori nyingi kuliko kushusha kitu kingine chochote, na wakati huohuo karibu haubadilishi idadi ya fremu kama memori haikuwa imejaa.

VRAM ikijaa, kadi huanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama. Hapo ndipo mambo huharibika. RTX 4060 ya NVIDIA husoma memori yake yenyewe kwa takriban GB 272 kwa sekunde. Kadi hiyo ina njia 8 tu za PCIe, hivyo ikiwa kwenye ubao wa PCIe 4.0 hupitisha karibu GB 16 kwa sekunde, na kwenye ubao wa PCIe 3.0 karibu GB 8. Kinachosomwa kutoka huko kinakuja polepole mara kumi na saba, au mara thelathini na nne kwenye ubao wa zamani. Fremu moja inakwama, halafu nyingine, na kugeuza kichwa kutoka dirishani hadi kwenye paneli ya juu kunachukua nusu sekunde.

Dalili hutofautiana. Kwenye MSFS utaona mikwamo mikali na wakati mwingine fremu kushuka ghafla hadi tarakimu moja, hasa unapobadilisha kamera kutoka ndani kwenda nje. X-Plane 12 hujaribu kujiokoa kwa kushusha ubora wa tekscha yenyewe, na kwa hiyo maandishi ya vitufe na ardhi huanza kuwa na ukungu. Ukitaka uhakika, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uchague GPU. Tazama mistari miwili ya memori: ile ya kadi yenyewe na ile ya pamoja. Ya kadi ikiwa imegota juu na ya pamoja ikizidi kupanda, VRAM imeisha. MSFS 2020 ina chaguo la DX11 na DX12, njia mbili za simuleta kuzungumza na kadi, na kwa kadi za GB 8 mara nyingi DX11 inatulia zaidi, kwa sababu kwenye DX12 programu yenyewe ndiyo inayobeba jukumu la kupanga memori.

Microsoft wenyewe, kwa MSFS 2024 iliyotoka Novemba 2024, wanataja GB 4 za VRAM kama kima cha chini, GB 8 kama kiwango kinachopendekezwa, na GB 12 kama kiwango bora. Mimi nasoma orodha hiyo kwa ngazi moja juu. Kwa anayenunua leo ili aitumie kadi miaka minne au mitano, GB 8 ni kwa skrini ya 1080 na ndege ndogo, GB 12 ni kwa 1440 na mipangilio ya kati hadi juu, na GB 16 ndipo usumbufu wa memori unapoacha kuwa sehemu ya kila safari. Kwa 4K, skrini tatu au VR, GB 16 ndiyo mwanzo. DCS yenye ramani na ndege za kisasa pia inatafuna memori vibaya sana. Anayerusha DCS asichukue chini ya GB 12.

Ukubwa wa VRAM haufuati namba ya jina wala mwaka wa kutoka. RTX 3060 ya 2021 ilikuja na GB 12. RTX 4060 ya 2023 ilikuja na GB 8. RTX 4060 Ti, RTX 5060 Ti na RX 9060 XT ya AMD zote zilitolewa kwa GB 8 na kwa GB 16 zikiwa na jina lilelile. Hata hiyo RTX 3060 ilitolewa baadaye kwa GB 8 na njia nyembamba ya memori, biti 128 badala ya 192. Soma kasha, usisome jina peke yake.

Kadi zenyewe

Kwa skrini ya 1080 au 1440 na bajeti ya kubana, ningechukua RX 9060 XT ya GB 16 au RTX 5060 Ti ya GB 16. Matoleo yao ya GB 8 nisingeyagusa kwa simuleta hata yakishushwa bei. Kuna tofauti moja ya kuzingatia kwa mwenye ubao wa zamani: RX 9060 XT ina njia 16 za PCIe, RTX 5060 Ti ina 8, hivyo ya kwanza inavumilia zaidi ubao wa PCIe 3.0.

Katikati pana ushindani mzuri. RX 9070 na 9070 XT zina GB 16. RTX 5070 ina GB 12, na RTX 5070 Ti ina GB 16. Kwa simuleta ningeiruka 5070 na kwenda ama 9070 XT ama 5070 Ti, kwa sababu ile GB 12 itakuwa ya kwanza kukwama hata kama kiini chake bado kina nguvu ya kuchora. RX 7800 XT ya GB 16, ikipatikana kwa bei nzuri, bado ni kadi ya kuheshimika kwa 1440. RTX 5080 nayo ina GB 16. Ni ya kasi zaidi, lakini memori haikuongezeka. RTX 4090 yenye GB 24 na RTX 5090 yenye GB 32 ni za VR ya kiwango cha juu na skrini tatu za 1440 au zaidi. Kwa skrini moja ya 1440 ni hela iliyolala.

Intel Arc B580 ina GB 12 na kwenye karatasi inavutia. Shida ni kwamba draiva yake huipa prosesa kazi nyingi, na kwa prosesa za zamani kadi hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Simuleta tayari inaikamua prosesa. Ni ndoa mbaya.

Kati ya NVIDIA na AMD, mizani yangu inategemea unachorusha. AMD kwa kawaida inakupa VRAM nyingi zaidi kwa hela ileile. NVIDIA inakupa DLSS (kuchora picha ndogo kisha kuikuza), na kwa watu wa VR huwa na njia iliyonyooka zaidi. Kwenye X-Plane, baadhi ya programu jalizi bado huchora kwa OpenGL, njia ya zamani ya kuchora, juu ya Vulkan, ile mpya, na kwenye kadi za AMD hiyo ilileta kumetameta kwa picha; Laminar Research, watengenezaji wa X-Plane, waliweka chaguo la Zink kwa ajili ya hilo, na mwenye AMD ajaribu chaguo hilo kabla ya kulaumu kadi.

Na usinunue kadi mbili. Simuleta za leo hazigawani kazi ya kuchora kati ya kadi mbili.

DLSS, FSR na fremu za kuongezwa

DLSS ya ngazi ya Quality kwenye skrini ya 4K inachora kwa 2560 kwa 1440 kisha inakuza; ya Performance inachora kwa 1920 kwa 1080. Kadi inapumua, prosesa haipumui. Kwa mandhari ya nje matokeo ni mazuri sana. Tatizo la watu wa ndege liko kwenye vyombo: namba za mwinuko na kasi zinazobadilika haraka huacha kivuli nyuma yake, na maandishi madogo ya kompyuta ya safari yanafifia. Mtindo mpya wa DLSS 4 uliotoka 2025 umepunguza kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini anayeruka kwa kutegemea vyombo akae kwenye Quality au DLAA (isiyopunguza pikseli), asishuke. FSR za zamani (FSR ni mwenzake DLSS kutoka AMD) zinafanya kazi kwenye kadi yoyote, ila FSR 4 ambayo ndiyo nzuri kweli ilitolewa kwa ajili ya kadi za RX 9000.

Fremu za kuongezwa ni jambo tofauti. Hapo kadi hubuni fremu katikati ya mbili za kweli, na kwa kuwa haiisubiri prosesa, ni mojawapo ya tiba chache za uwanja ambako uzi mkuu umejaa. Ndege ya abiria hujibu usukani polepole, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo hausikiki. Kwa helikopta inayoelea, kujaza mafuta angani kwenye DCS, au kutumia TrackIR, kifaa kinachofuatilia kichwa chako, kugeuza mtazamo, unausikia. Hakikisha fremu za kweli zinafika 30 hadi 40 kwanza. Kuzidisha fremu 18 kunakupa 36 zenye uzito wa 18. Kisha kumbuka kwamba fremu hizi hula VRAM, na kwenye MSFS 2020 zinahitaji DX12. Mwenye GB 8 akiziwasha ili apate ulaini, anaweza kujikuta amejaza memori na kupata mikwamo badala yake.

Miwani ya VR

Hapa ndipo kadi inapofanya kazi kweli. Quest 3 ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, jumla zaidi ya milioni 9.1. Pimax Crystal ina 2880 kwa 2880 kwa kila jicho, ambayo ni sawasawa na skrini moja nzima ya 4K kwa jicho moja. Na hiyo ni idadi ya pikseli za kioo tu. Lenzi hupinda picha, kwa hiyo programu huchora kubwa zaidi ili kufidia: Valve Index yenye kioo cha 1440 kwa 1600 huchorewa 2016 kwa 2240 programu ya SteamVR ikiwa asilimia 100, karibu mara mbili ya pikseli.

Kwa 72 Hz una milisekunde 13.9 kwa fremu, kwa 90 Hz una 11.1. Kwenye MSFS ni wachache wanaofika huko kwenye uwanja mkubwa, na fremu za kuongezwa haziko upande wa VR. Njia ya busara ni kulenga nusu, yaani 36 au 45, na kuiacha miwani ikamilishe zilizobaki, ukikubali kwamba kingo za mabawa na propela zitatetemeka. DCS ina faida ya kuchora kwa ubora mkubwa katikati ya macho na kupunguza pembeni. Ukiwa na miwani inayofuatilia macho, nafuu yake ni kubwa.

Angalia pia jinsi miwani inavyounganishwa. Index na Pimax Crystal hutaka DisplayPort. Quest hupokea video iliyobanwa kupitia kebo ya USB au Wi-Fi, na kadi ndiyo inayoibana, kwa hiyo sehemu ya muda wake inakwenda huko. RTX 40 na RX 7000 kuendelea zinaweza kubana kwa mtindo wa AV1, ambayo Quest 3 inaielewa. Anayefikiria kununua HP Reverb G2 iliyotumika ajue kwamba Windows 11 toleo la 24H2 liliondoa kabisa Windows Mixed Reality ambayo miwani hiyo iliitegemea.

Skrini tatu na vyombo vya pembeni

Skrini tatu za 1440 ni pikseli milioni 11, zaidi ya 4K. Zaidi ya pikseli, kila mtazamo wa ziada unaochorwa kivyake huongeza kazi ya prosesa, kwa hiyo fremu hushuka kuliko hesabu ya pikseli inavyotabiri. Kadi nyingi zina matundu manne, kwa kawaida DisplayPort tatu na HDMI moja, na GeForce haziendeshi zaidi ya skrini nne. Anayejenga chumba cha rubani chenye skrini ndogo za vyombo asizibebeshe zote kwenye kadi kuu. Madirisha ya vyombo yaliyotolewa nje kwenye MSFS yanakula fremu waziwazi. Programu kama Air Manager inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta nyingine ndogo iliyo kwenye mtandao uleule, na kadi kuu ikabaki na kazi ya mandhari.

Umeme, nafasi na ufungaji

RTX 5070 hutumia hadi wati 250 na NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 650. 5070 Ti ni wati 300 kwa 750. 5080 ni 360 kwa 850. 5090 ni 575 kwa 1000. RX 9070 XT ni wati 304. Usikate kwenye pawa saplai, kwa sababu kadi huruka juu ya wastani wake kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai dhaifu huzima kompyuta nzima katikati ya safari. Tundu la PCIe hutoa wati 75, kebo ya pini 8 hutoa 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe kebo mbili tofauti kutoka pawa saplai, si moja yenye vichwa viwili. Na kebo za pawa saplai ya kampuni moja zisichomekwe kwenye pawa saplai ya nyingine hata kama zinaingia. Upande wa pawa saplai pini zinaweza kuwa na mpangilio tofauti, na kifaa kikaungua papo hapo.

Kwa kiunganishi cha pini 16, kisukume hadi kigote na usione mwanya wowote, wala usikunje kebo karibu na kichwa. Iache inyooke kama sentimita 3.5 kwanza. Viunganishi vilivyoyeyuka kwenye RTX 4090, tatizo lililoanza kuripotiwa 2022, mara nyingi vilihusishwa na kutoingia vizuri.

Pima kesi kabla ya kuagiza. Kadi za urefu wa milimita 300 hadi 340 ni za kawaida, na unene wa nafasi tatu ni wa kawaida pia. Kadi nzito iwekewe kiegemeo isilegee. Ifunge kwenye tundu refu la juu, lile lililo karibu na prosesa, kwa sababu matundu ya chini mara nyingi yana njia nne tu. Programu ya GPU-Z itakuonyesha njia zinazotumika. Kadi ikiwa imepumzika husoma PCIe 1.1 kwa kuokoa umeme, kwa hiyo bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni uendeshe jaribio ndipo usome. Washa Resizable BAR (inayoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi) kwenye BIOS, na hakikisha RAM inakwenda kwa kasi yake ya XMP au EXPO. Ukihama kutoka kampuni moja ya kadi kwenda nyingine, ondoa draiva ya zamani kwa programu ya DDU ukiwa kwenye Safe Mode. Halafu chomeka skrini kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kosa hilo ni dogo na hutokea mara nyingi.

Kadi iliyotumika na laptopu

RTX 3090 iliyotumika ina GB 24 na bado ni chombo kizuri kwa simuleta, lakini memori yake ya GDDR6X hupata joto kali, na pedi za kupitishia joto zikichoka kadi hushusha kasi. Omba kuiona ikifanya kazi kwa mzigo kamili kwa nusu saa, usikilize feni, usome joto la memori. Fungua GPU-Z uthibitishe kiini na memori. Kadi za kughushi zilizobadilishwa BIOS hujulikana hapo.

Kwenye laptopu jina lina maana nyingine. RTX 4090 ya laptopu ina GB 16 na kiini cha daraja la 4080 ya mezani. RTX 4080 ya laptopu ina GB 12. Uliza pia wati zilizoruhusiwa, kwa sababu kadi ileile ikipewa wati 80 na ikipewa 150 ni mashine mbili tofauti. Kama lengo ni VR ya DisplayPort, hakikisha tundu la laptopu limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, si na michoro ya ndani ya prosesa.

Kadi ikishafika, ijaribu mapema, wakati muda wa kuirudisha haujaisha. Fanya safari mbili mfululizo bila kuizima simuleta, zote zikiishia kwenye uwanja mzito, huku Task Manager ikiwa wazi kwenye skrini ya pili. Safari ya kwanza hupita vizuri hata kwenye kadi ndogo. Ya pili, memori ikiwa tayari imebeba mabaki ya ya kwanza, ndiyo itakayokuonyesha kama GB ulizonunua zinatosha.